Kutafuta Kazi Misibani

Jumatatu, 4 Februari

Leo nimetimiza miaka miwili na miezi minne bila kazi. Leseni ninayo. Naihuisha kila mwaka, ili niendelee kuwa daktari msaidizi asiyemsaidia daktari yeyote. Wizara inasema tusubiri kupangiwa vituo. Tunasubiri. Kuna wenzetu wamesubiri mpaka vichwa vimeingia upara.

Asubuhi nilikwenda kwenye semina ya chama chetu, ukumbini mtaa wa Asafo, hapa Kumasi. Mada: jinsi ya kujuana na watu watakaokupa kazi. Mzungumzaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Alisema nafasi nyingi za hospitali hazitangazwi popote, hutoka mdomoni mwa mtu zikaingia sikioni mwa mtu. Akatuuliza, watu wakubwa wa Kumasi mnakutana nao wapi? Tukatazamana. Tulikuwa mia na kitu mle ndani, wote hatuna kazi, na tunajuana sisi kwa sisi vizuri sana.

Akatoa kanuni tatu. Tengeneza kadi. Salimia kila mtu. Na kamwe usionekane una njaa. Hii ya tatu nimeipigia mstari mara mbili.

Jibu la swali lake nililipata nyumbani. Ninaishi Bantama kwa mama mkubwa Birago, dada yake mama. Ni fundi cherehani, anashona nguo za msiba tu, nyeusi na nyekundu, na karibu hakuna mtu anayezikwa mji huu bila yeye kujua wiki tatu mapema. Nilimkuta anakata kitambaa. Nikauliza cha nani. Akasema Jumamosi anazikwa mzee mmoja aliyekuwa mnunuzi wa kakao, na kila mwenye jina atakuwepo, hata Dokta Amankwatia, mwenye ile hospitali ya ghorofa tatu ya Santasi.

Nikakaa chini. Wakubwa hawaji kwenye semina. Wakubwa huja misibani. Na mimi nalala nyumba moja na ratiba ya misiba yote ya Kumasi.

Jumatano, 6 Februari

Kadi zimetoka. Hamsini. Jina langu, Kwadwo Nsiah, chini yake "Daktari Msaidizi", chini yake namba ya simu. Sikuandika kwamba natafuta kazi. Hiyo ni njaa.

Mchana akaja Dzifa Agbenyega. Tulisoma darasa moja miaka minne. Yeye alikuwa akikaa mbele, mimi nyuma yake nikinakili. Sasa anajitolea katika zahanati moja ndogo ya Tafo. Bila mshahara. Wanampa chakula cha mchana na nauli. Anaosha vidonda, anapima presha, anaandika barua za rufaa kwa mkono mpaka kidole chake kina sugu.

Alikuja kuniambia kwamba wanahitaji mtu wa pili, asubuhi tatu kwa wiki. Hela hakuna kwa sasa, lakini mikono haitapata kutu.

Nikamwambia mtu aliyesoma miaka minne hafanyi kazi kwa sahani ya wali. Nikamweleza mpango wangu wa misiba. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kaegemeza upande.

"Kwa hiyo wewe unangoja watu wafe," akasema.

Nikasema sisi sote tunangoja kitu.

Mama mkubwa alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Alikuwa anacheka upande wa nani, sijui.

Jumamosi, 9 Februari

Msiba wa mnunuzi wa kakao. Mahema kumi na moja. Vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, lilitufanya sote tuwe na nywele za mvi, jambo lililonifaa, nikaonekana mtu mzima. Nilivaa nguo nyeusi ya mteja wa mama mkubwa atakayeichukua Jumatatu.

Nilisalimia kama desturi, kuanzia kulia, mkono kwa mkono, safu kwa safu. Kwenye hema la wafiwa peke yake nilipeana mikono na watu sitini. Dokta Amankwatia alikuwa safu ya pili. Mtu mfupi, shingo nene, macho ya mtu aliyezoea kuamshwa. Nilipofika kwake nilikuwa na kadi imekunjwa kiganjani. Nikaminya mkono wake. Kadi ikahama. Nilijisikia kama mtu aliyepanda mbegu.

Hakuitazama. Alidhani ni rambirambi. Akamwita mtu wa meza ya michango kwa kidole, akamkabidhi.

Mtangazaji wa meza ile ana sauti ya kuuza dawa sokoni. Alikuwa akisoma majina na michango: familia fulani wametoa hiki, kanisa fulani wametoa kile. Kisha nikasikia jina langu kwenye vipaza sauti sita. "Kwadwo Nsiah, Daktari Msaidizi, ametoa…"  Akageuza kadi upande wa pili. Upande wa pili hauna kitu. "Ametoa namba ya simu."

Na akaisoma. Tarakimu zote kumi, mara mbili, kwa wale waliokuwa mbali.

Mahema kumi na moja yalicheka. Nasikia hata mjane alitabasamu. Kisha, kwa kuwa ndiyo desturi, wanawake wawili wa ukoo walikuja mpaka kitini kwangu kunishukuru rasmi kwa mchango wangu. Waliinama. Midomo ilikuwa inawacheza.

Nilipotazama safu ya pili, Dokta Amankwatia alikuwa ameshaondoka. Sijui kama alisikia.

Jumapili, 10 Februari

Simu imeita mara nne tangu asubuhi. Watatu walitaka kujua kama kweli namba ni yangu. Walipojua, wakakata.

Wa nne alikuwa bibi kizee, Bibi Pokuaa, muuza mkaa wa Suame. Alikuwa msibani jana, akamwomba mtu amwandikie namba yangu. Alisema ana kidonda kwenye kidole cha mguu, mwezi wa pili sasa. Nikamuuliza kama anaumwa kisukari. Ndiyo, miaka mingi. Kidonda kinauma? Hapana baba, akasema, hakiumi hata kidogo, namshukuru Mungu.

 Mguu wa mwenye kisukari usiouma ndio wa kuogopwa. Hilo tulifundishwa mwaka wa pili na sijalisahau.

Akaomba niende nimtazame. Nikasema nitakuja Jumanne.

Ni kweli nilikusudia. Ila Suame ni mbali, na Bibi Pokuaa hajuani na mtu yeyote isipokuwa wanunuzi wa mkaa.

Alhamisi, 14 Februari

Jumanne sikwenda. Mama mkubwa alinipa habari ambayo ilinifunga nyumbani: Jumamosi anazikwa baba mkwe wake Dokta Amankwatia. Ni jamaa, si msiba wa kupita tu. Dokta atakaa hemani siku nzima, hana pa kukimbilia. Tangu hapo nakusanya habari za marehemu. Alikuwa mwalimu mkuu, baadaye mzee wa kanisa. Nimejifunza jina la shule yake, majina ya watoto wake saba, na ugonjwa uliomuua.

Jumatano pia sikwenda Suame.

Leo Bibi Pokuaa alipiga tena nikiwa nafanya mazoezi ya kusema "Poleni sana" mbele ya kioo. Sikupokea. Mama mkubwa aliitazama simu ikitetemeka juu ya meza, kisha akanitazama mimi.

"Huyo anayepiga si mtu mkubwa, sivyo?" akauliza.

Nikasema nitampigia baadaye.

Jioni alipiga mama yangu kutoka Effiduase. Aliniambia mchungaji ameuliza habari zangu mbele ya watu. Amemjibu kwamba niko karibu kabisa kuanza. Akangoja nimwambie ni karibu kiasi gani. Nikamwambia mambo yanasogea. Akasema haya mwanangu, yakifika nijulishe, nina kuku nimemtenga. Huyo ni kuku wa tatu. Wawili wa mwanzo wamekufa kwa uzee.

Jumamosi, 16 Februari

Naandika polepole. Nataka kuelewa nilichokifanya leo.

Nilifika mapema. Marehemu alikuwa amelazwa ndani, kwenye kitanda cha shaba, amevaa suti na miwani yake. Nilikuwa nimepanga kutoa machozi kidogo mbele ya jamaa. Niliposimama pale nikaona viatu vyake, vyeusi, vimeng'arishwa, soli mpya kabisa. Baba yangu alizikwa nikiwa mwaka wa tatu chuoni, siku ya kazi, watu kumi na nane, na viatu alivyozikwa navyo vilikuwa vyangu vya sekondari kwa sababu vyake vilikuwa vimetoboka. Nililia. Sikuweza kujizuia mpaka mzee mmoja akanishika kiwiko akanitoa nje, akiwaambia watu huyu lazima alikuwa mwanafunzi wake.

Hapo ningeketi tu ningekuwa sawa.

Saa saba, jua kali, mpiga tarumbeta wa bendi akaanguka. Mtu wa miaka sitini hivi. Tarumbeta ikabiringika mpaka miguuni kwa wazee. Watu wakamzunguka. Mmoja anataka kummwagia maji, mwingine ameanza kukemea mapepo. Sikufikiri lolote. Nikawasukuma, nikapiga magoti. Jasho la baridi, mikono inatetemeka, mapigo ya moyo yanakimbia. Alikuwa ana fahamu bado lakini anamwita mkewe kwa jina la dada yake. Nikamuuliza mke kama anatumia vidonge vya kisukari. Anatumia, asubuhi alivimeza, na tangu alfajiri hajala, alisema atakula wakishazika. Nikahakikisha anaweza kumeza, nikaomba soda, nikamnywesha funda kwa funda. Baada ya robo saa alikuwa ameketi, anaulizia tarumbeta yake. Nikamwagiza mkewe amtafutie chakula, na kesho ampeleke kwa anayempa vidonge wapime tena dozi.

Nikageuka. Dokta Amankwatia alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu saa ngapi.

"Nilikuwa nakuja," akasema. "Nikaona sihitajiki. Umesoma wapi, kijana?"

Nikamtajia chuo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema watu wengi wangemkimbiza hospitali, angefika amezimia.

"Unafanya kazi wapi?"

Mungu wangu ni shahidi, jibu la kweli lilifika kwenye ulimi. Kisha nikaikumbuka kanuni ya tatu. Usionekane una njaa.

"Accra," nikasema. "Hospitali moja kubwa. Nimekuja kuzika tu."

Uso wake ukashuka kidogo. "Bahati yangu mbaya hiyo. Nina kiti kitupu tangu Krismasi, daktari msaidizi wangu ameondoka nchini. Nilikuwa nataka mtu aanze Jumatatu. Lakini siwezi kumnyang'anya mwenzangu mtu wake, si ungwana."

Nikasema Accra si mbali kihivyo. Nikasema moyo wangu uko Kumasi. Nikasema kazi ya Accra ni nzuri lakini si nzuri sana.

Akacheka, akanipiga begani. "Mwenye kazi siku hizi asiichezee. Rudi kwa watu wako." Kisha akaniuliza, darasani kwenu hakuna ambaye bado hajapata?

Tulikuwa arobaini na mmoja. Wenye kazi wanatosha kukaa kwenye benchi moja.

"Hakuna, dokta," nikasema. "Wote tumepata."

Akasema amefurahi kusikia hivyo, maana yeye alikuwa anadhani hali ni mbaya.

Mke wa mpiga tarumbeta alinifuata mpaka njiani akanipa viazi vikuu viwili. Vizito. Nimevibeba mpaka Bantama.

Jumapili, 17 Februari

Sikutoka kitandani mpaka mchana. Mama mkubwa alichemsha viazi vikuu, akaniletea na mchicha. Akasema ni vitamu. Nikamsimulia. Aliacha kutafuna.

"Alikuuliza unafanya kazi wapi," akasema taratibu, kama anayepima kitambaa, "na wewe ndicho unachokitafuta, kazi. Ukamwambia unayo."

Nikamweleza kanuni ya tatu. Akasema huyo mama wa semina aje yeye alipe kodi ya chumba changu.

Bibi Pokuaa alipiga. Safari hii nilipokea, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutopokea. Alisema kidole kimebadilika rangi na kinanuka kidogo. Hakulalamika kwamba sikwenda. Nikampa namba ya Dzifa. Nikamwambia aende Tafo kesho asubuhi bila kukosa, asingoje. Akanishukuru sana.

Nilipokata simu nilijisikia vizuri. Hiyo nayo ni kazi, kuwaunganisha watu.

Jumanne, 19 Februari

Nimepata njia. Nikimwambia dokta kwamba nimeacha kazi Accra, basi sina kazi, na hilo litakuwa kweli. Uongo wa kwanza unafutwa na wa pili, na mwishowe ukweli unabaki peke yake.

Nilikwenda Santasi saa mbili asubuhi. Sakafu inang'aa mpaka unajiona. Katibu wa dokta, mwanamke mpole sana, alinisikiliza. Akasema dokta yuko chumba cha upasuaji, lakini yeye mwenyewe anaweza kunisaidia. Nimeacha kazi Accra? Pole, au hongera. Basi nilete barua ya mwajiri wangu kuthibitisha kwamba ameniachia, nayo iwe na mhuri, ndipo atafungua faili.

Nikamuuliza kama barua hiyo ni ya lazima.

Akasema ni ya lazima kwa wanaotoka kazini. Kwa asiye na kazi haihitajiki, huyo anakuja na leseni yake tu.

Leseni ilikuwa mfukoni mwangu. Niliigusa. Nikamshukuru, nikatoka.

Njiani niliwaza kuiandika barua hiyo mwenyewe. Niliacha. Si kwa uadilifu. Sijui mtu wa kuchonga mhuri, na hilo linaonyesha tu kwamba watu ninaowajua bado ni wachache.

Jumatatu, 25 Februari

Dzifa alikuja saa kumi jioni. Amevaa koti jeupe jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Nilijua kabla hajakaa.

Alisimulia bila majigambo, na hilo ndilo liliniuma. Bibi Pokuaa alifika Tafo Jumatatu iliyopita akiegemea fimbo ya ufagio. Dzifa alipofungua kitambaa alijua hapo hapo kwamba zahanati haina uwezo. Hospitali ya serikali ilikuwa imejaa mpaka koridoni. Akaandika barua ya rufaa, kurasa mbili, kila kitu ndani yake, tangu siku kidonda kilipoanza, akampeleka mwenyewe Santasi. Dokta Amankwatia aliisoma barua ile amesimama. Kisha akauliza nani ameiandika, na kama mtu huyo ana kazi.

"Nikamwambia sina," akasema Dzifa. "Akashangaa. Akasema kuna mtu alimwambia darasa letu lote wameajiriwa."

Nikasema watu husema mambo mengi.

"Wamemkata vidole viwili," akasema. "Alhamisi. Mguu umeokolewa."

Nikasema afadhali vidole kuliko mguu.

Alinitazama muda. "Kwadwo, alikupigia simu lini mara ya kwanza?"

"Jumapili."

"Jumapili ipi?"

Nikasema sikumbuki vizuri.

"Yeye anakumbuka," akasema.

Cherehani ya mama mkubwa ilinyamaza. 

Kisha Dzifa akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Alisema nafasi yake Tafo iko wazi. Mkuu wa zahanati amepata kifungu kidogo cha fedha, sasa kuna posho, si nyingi lakini ni kila mwezi. Ameshanitaja. Mkuu anataka nianze Jumamosi, tarehe mbili, ndiyo siku ya vidonda na presha, watu huwa wengi. Akasema kwa mpiga tarumbeta nilifanya vizuri. Dokta amewasimulia wodi nzima habari za "yule bwana wa Accra".

"Nilipomsikia nikajua ni wewe," akasema. "Sikumwambia kitu."

Nikasema nitakwenda. Nilimaanisha. Alipotoka, mama mkubwa alinishika mabega na mikono yake yenye chaki.

"Mwanangu, hiyo ni kazi. Usiitazame meno kama mbuzi wa mnadani."

Jumatano, 27 Februari

Nilikwenda kumwona Bibi Pokuaa wodini, na machungwa sita. Ni mdogo kuliko sauti yake. Mguu umefungwa bandeji nyeupe, umewekwa juu ya mto kama mgeni.

Nilipojitambulisha aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Viganja vina weusi wa mkaa usiotoka tena.

"Wewe ndiye uliyenipa namba ya yule binti," akasema. "Bila wewe wangeukata mguu wote. Mungu akulipe."

Nilitaka kusema. Maneno nilikuwa nayo: ulinipigia tarehe kumi, mimi nilijua, nilijua uliposema hakiumi. Nikachukua chungwa nikalimenya. Nikalimenya vizuri sana, ganda likatoka zima. Nikamgawia kipande kimoja kimoja. Alikula, akaniuliza kama nina mke, kama mama yangu yupo. Akasema mwanawe wa kiume yuko Libya, miaka mitano hajapiga simu, naye angekuwa na umri wangu. Akasema atakaporudi kwenye mkaa itabidi akae kwenye kiti, kusimama itakuwa shida, lakini kiti kipo.

Nilikuwa nainuka kuondoka Dokta Amankwatia alipoingia na wauguzi wake.

"Bwana wa Accra! Bado hujarudi?"

Dzifa alikuwa nyuma yake, faili kifuani. Alinitazama moja kwa moja. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Bibi Pokuaa alikuwa anatafuna chungwa, dokta anatabasamu, na jambo lote lingeweza kwisha kwa sentensi moja fupi.

"Niko likizo, dokta," nikasema.

Akasema vizuri, kupumzika ni muhimu, na kama nitapita tena nimsalimie mkuu wangu. Nikasema nitamsalimia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimelala mchana na nguo zangu.

Ijumaa, 1 Machi

Nimeamka na akili safi. Nimeyatafakari yote tangu mwanzo, bila kujionea huruma, na nimeona nilipokosea. Nililenga chini. Mwenye hospitali moja ana kiti kimoja, kikijazwa basi. Wenye viti vingi ni wale wa afisi ya afya ya mkoa, wanaopanga watu vituo. Ningeanzia huko ningekuwa mbali sasa.

Mchana nilikuwa nimeshapiga pasi koti langu la Tafo. Lilikuwa linaning'inia mlangoni, jeupe, linapendeza. Mama mkubwa alilipitia kola kwa sindano bila kuombwa. Mama alipiga simu; nikamwambia naanza kesho. Alilia. Alisema sasa kuku huyu hatakufa kwa uzee.

Saa tisa wakaja wanawake watatu na gari, fundi wao amewaangusha, wanataka nguo za msiba kumi, ziishe leo leo, watalipa zaidi. Nikawasaidia kubeba vitambaa ndani. Nikauliza, kwa adabu tu, ni msiba wa nani. Wakasema ni mama mzazi wa mkubwa mmoja wa afisi ya afya ya mkoa. Anazikwa kesho asubuhi. Afisi nzima itakuwepo.

Nikakaa chini.

 Mama mkubwa alinitazama nikilitoa koti jeupe mlangoni, nikilikunja, nikiliweka sandukuni. Kisha akarudi kwenye cherehani, akanigeuzia mgongo. Tangu hapo hajasema nami. Ana kazi nyingi.

Kadi zimebaki thelathini na nane. Nimeziandikia upande wa pili, kwa mkono, maneno haya: "Hii si rambirambi."

Nimemwandikia Dzifa ujumbe. Amwombe radhi mkuu wa zahanati kwa niaba yangu, nitaanza wiki ijayo, kesho siwezi. Nimefiwa.

Amejibu papo hapo. Pole sana Kwadwo. Ni nani?

Sijamjibu bado. Jina la marehemu nitaliuliza nikifika.